Ngoma za Tonton na Daftari la Mama Plamedi

Kama una mke, watoto na mama mkwe chini ya bati moja, huhitaji kuelezwa sana. Wengine someni mjue yanayowasubiri.

Kwetu Manika, hapa Kolwezi, hakitupwi kitu. Kikiharibika kinahamishwa kazi. Ndivyo bateri ya ngoma ya marehemu Tonton ilivyokaa nasi miaka na miaka bila mtu kukumbuka kwamba ni ngoma. Ile kubwa ya kupigwa kwa mguu ilikuwa pipa la unga wa bukari. Ile ya miguu mitatu, ambayo sasa ina miguu miwili na tofali, humo alikuwa anaatamia kuku. Toazi, lenye ufa wa urefu wa kidole ukingoni, lilikuwa mfuniko wa sufuria ya sombe, yaani kisamvu, na sijapata kuona mfuniko unaokaa vile. Ngoma ndogo yenye nyaya chini ilikuwa kigoda cha mama mkwe wangu.

Mama mkwe tunamwita King'ora, akiwa hayupo karibu lakini. Huamka saa kumi na moja alfajiri na kuhakikisha mtaa mzima umeamka, kama vile zamu ya asubuhi inamsubiri yeye atoe ruhusa. Tonton alikuwa mdogo wake wa mwisho. Mchana mgodini, jioni kwenye orkestra ya klabu ya wafanyakazi. Zama hizo kampuni ya madini ya Gécamines ilikuwa baba na mama: nyumba, shule, hospitali, timu ya mpira, poso ya unga, na muziki juu yake. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990 na mambo ya mji mzima yakaanza kwenda mrama, klabu ikafungwa. Ngoma zikamfuata Tonton nyumbani. Kwa ruhusa ya nani? Nilishawahi kuuliza swali hilo mezani. Sikuongezewa mboga.

Aliyetuharibia amani ni Plamedi, kifungua mimba wangu. Mimi humwita Meridjo, kwa heshima ya Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa, yule aliyetupa mdundo wa kavasha miaka ya 1970, mdundo ambao wanasema ulizaliwa kwenye mlio wa treni. Wangu hajafika kwenye treni bado. Anapiga meza, ndoo, na mgongo wa dada yake. Siku moja King'ora kainuka kwenda msalani, Meridjo akageuza kigoda, akafuta vumbi kwa kiwiko, akakuta nembo: Premier.

"Baba! Hii ni ya Uingereza! Wazungu wanazitafuta!"

Nani alimwambia aseme neno "wanazitafuta" mbele ya shemeji yangu? Huyu tunamwita Injinia. Hajasomea uinjinia. Kobalti ilipopatikana chini ya nyumba za watu kule Kasulo mwaka 2014, wakawa wanachimba hadi sebuleni, Injinia alikuja kwetu akawa anagonga sakafu kwa kisigino, chumba hadi chumba, akisikiliza. Sasa akalinyanyua toazi, likiwa bado na mvuke wa sombe, akalipima kwa mkono. "Shemeji, toazi zuri ni shaba, karibu sehemu nne kwa tano. Inayobaki ni bati. Wenye mizani wapo pale barabarani."

Mke wangu akamnyang'anya, akafunika sufuria.

Ikabidi tumwite fundi, mzee mmoja kutoka Dilala anayetunza ngoma za kwaya. Nilipenda kazi yake. Unga ukahamishiwa kwenye mabeseni, ngozi zilizochanika zikavuliwa, kisha akalaza kila ngoma kifudifudi juu ya meza yetu, akatia tochi ya simu ndani, akainama kutazama kama mwanga unapenya chini ya ukingo. Usipopenya, ukingo umenyooka na ngozi itakaa. Ukipenya, mbao zimepinda, na hapo, alisema, kila faranga unayoweka ni mchango wa msiba. Kutu si kitu, inasuguliwa. Skrubu zinatafutwa. Mbao ndiyo ngoma yenyewe. Jambo la pili: usipake rangi kamwe, maana lile ganda la zamani linalong'aa ndilo wanunuzi wa mbali wanalolilipia. Wote tukamgeukia Injinia, ambaye Noeli iliyopita alipaka nyumba ya kuku rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti.

Kisha akafika kwenye tundu. Ngoma kubwa ina tundu ubavuni, na tundu hilo ni urithi wa ukoo. Mei 1978, waasi walipoingia mjini wakitokea Angola, na tarehe 19 wanajeshi wa Ufaransa wakaanza kushuka kwa miavuli, risasi ilipasua ukuta ikamtafuta Tonton aliyejificha nyuma ya ngoma hii. Kila mtoto wa kwetu ameingiza kidole humo. Fundi naye akaingiza cha kwake, akakizungusha.

"Mama, hili ni tundu la hewa. Kila ngoma inalo. Nembo ndiyo iliyokuwa imelizunguka, imedondoka."

King'ora akanyamaza. Nikahisi historia inaandikwa. Kisha akajikohoza: "Basi risasi ilipita humo humo."

Tatizo kubwa likawa ngozi. Premier za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zina vipimo vyake, zimezidi kidogo tu, na ngozi za plastiki za siku hizi hazizivai. Fundi hakutishika. Plastiki ilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, akasema, kabla yake watu walivalisha ngozi ya ndama. Ya mbuzi pia inafaa: unailoweka usiku, unaizungushia pete ikiwa mbichi, inakuwa saizi unayotaka. Nikanunua ngozi, nikailoweka kwenye beseni la kuogea. Asubuhi beseni lilikuwa na maji tu, na mbwa wetu Kobalti amelala kwa uzito wa mwenye haki. Ngozi ya pili ilifika salama hadi kwenye ngoma, lakini ilikuwa Januari, mvua kila siku, ngozi ikalegea. Meridjo akaipiga. King'ora akasema heri kigoda.

Ndipo Mama Plamedi akatoa daftari. Huyu hapigi kelele, anaandika. Pipa la unga lenye mfuniko, kwa ajili ya panya. Nyumba mpya ya kuku. Kiti cha Mama. Mfuniko wa sufuria. Ndipo akaja kwenye skrubu, pete, na ngozi za kuagiza Ulaya.

"Kwa hesabu hii, Baba Plamedi, unapata bateri mpya ya Kichina Lubumbashi, na nauli ya kwenda na kurudi."

Nikajitetea kwamba mbao za zamani zina sauti yake.

"Sauti tunazo za kutosha humu ndani."

Tukakubaliana, maana yake nikakubali: tutatengeneza ngoma ndogo na toazi tu. Injinia alitoboa kijitundu mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea, na ajabu, akafanya vizuri. King'ora akapata kiti cha plastiki baada ya kuvikalia vyote dukani. Mimi nikatumwa kununua mfuniko. Haukuenea. Nikaubadilisha, wa pili nao haukuenea. Mdomo wa sufuria ile umejipinda miaka yote kufuata toazi, na hakuna kiwanda duniani kinachotengeneza mfuniko wake.

Jumapili ile Meridjo yuko katikati ya kavasha, treni inakaribia kabisa, mama yake akatoka jikoni na kitambaa mkononi, akachomoa toazi kwenye stendi, akarudi zake. Sombe ilikuwa inafurika. Tangu hapo mazoezi huanza sombe ikishaiva, na sombe, unaijua mwenyewe, haina haraka.