Mshenga Amenasa Getini

Jumamosi iliyopita mshenga wa wakwe zetu watarajiwa alinaswa na mwaridi wangu getini, bahasha ya posa mkononi, na sote tuliokuwa barazani hatukujua kama amenaswa. Mtu aliyenaswa na mtu mwenye adabu, ukiwatazama kwa mbali, hawatofautiani.

Alikuwa mzee wa haja, kaunda suti ya kijivu, kofia kaivua. Alipiga hodi, akainama kama inavyompasa aliyekuja kuomba binti wa watu, akabaki hivyo hivyo. Shangazi, ambaye ndiye msemaji wetu, akaitikia: "Karibuni, piteni." Mzee akajibu, "Asante, tumeshakaribia." Hakusogea. Shangazi akafurahi. Akatunong'oneza kwamba hawa ni watu waliolelewa, hawaingii kwa watu mpaka wakaribishwe mara ya pili. Akawakaribisha mara ya pili. Mzee akashukuru tena, sasa kwa sauti nyembamba kidogo. Nyuma yake ujumbe mzima ulikuwa umesimama juani pamoja na kreti za soda, maana geti letu ni la kupita mmoja mmoja. Furaha ya Shangazi ikaanza kupoa. "Au wanataka tuwalipe ndipo waingie? Tangu lini?" Alikuwa ameamka alfajiri kupanga faini za kuwatoza wao, na sasa aliona kazi yake inageuzwa juu chini mbele ya macho yake.

Mtoto wa jirani, aliyekuwa amekaa juu ya ukuta akitazama posa ya bure, ndiye aliyesema, "Babu anatoka damu sikioni."

Hapo tukakimbia wote, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila mtu alimvuta mzee upande wake. Naye kila alipovutwa aliomba radhi, na kila alipoomba radhi aliinama, na kila alipoinama mwaridi ulizidi kumkamata kola.

Naomba nieleze, kwa sababu nimekaa na jambo hili wiki nzima na naona limeumbwa kwa akili nyingi mno. Mwaridi wa kutambaa hautambai. Hauna vikono vya kujisokota kama tango au pasheni, wala mizizi ya kushika ukuta. Unachofanya ni kurefusha tawi hewani na kusubiri. Miiba yake imepinda, ncha zinaelekea kule tawi linakotokea. Porini tawi hilo hujilaza juu ya kichaka cha jirani, likitaka kuteleza kurudi chini miiba inadaka, basi linabaki juu kwa nguvu za wengine. Sasa lichukue tawi hilo hilo, lipitishe juu ya geti, liache lining'inie upande wa pili. Ncha za miiba zinatazama juu. Anayepita akinyooka, haishiki sana. Anayeinama ndiye windo lake. Dawa yake mzee alitakiwa ainuke, kichwa juu, kifua mbele, arudi kulifuata tawi kule linakotoka, yaani asimame mbele ya wakwe kama mtu aliyekuja kudai kodi ya nyumba. Malezi yake hayakumruhusu.

Kuna njia nyingine pia, niliyoivumbua nikiwa nimesimama juu ya kreti ya soda. Mwiba wa mlimau ni tawi lililochongoka, una mti ndani yake, huung'oi bila kuondoka na ganda. Wa waridi umeota kwenye ngozi tu. Ukiusukuma ubavuni kwa kidole gumba unatoka mzima, tik, ukaacha kovu dogo la duara lenye majimaji. Nilianza na wa sikioni. Nilikuwa nafurahia ile tik kiasi kwamba mke wangu alinikumbusha kuwa mzee bado yupo.

Sasa niulizwe nani aliyeuchagua mwaridi huu. Niliingia kitaluni, kimoja cha hivi vya kando ya barabara hapa Arusha, nikijua ninachotaka. Nilikuwa nimesoma. Nilitaka usio na miiba, unaochanua mara kwa mara, wenye harufu. Upo: unaitwa Zéphirine Drouhin, Wafaransa wanao tangu 1868, ua lake ni pinki iliyoiva na shina karibu halina mwiba. Nikamtajia kijana wa miche. Akanisikiliza kwa heshima zote, akaenda nyuma ya viriba, akarudi na mche akasema, "Ndiyo huu." Nikasema huu una miiba. Akasema ikikua inaacha.

Fremu ya mwaridi nayo fundi aliichomelea wima na nyembamba, eti nafasi ndogo, na kumbe mwaridi unataka kulazwa. Chipukizi la juu kabisa la tawi hutengeneza homoni, oksini, inayoteremka na kuyazuia machipukizi ya ubavuni yasizinduke. Tawi likisimama wima, mkubwa wa juu anakula peke yake na maua yote yanatoka kileleni. Ukililaza kwenye waya, ule ukubwa unapungua, kila chipukizi linaamka na tawi zima linachanua. Yangu yanachanua juu ya bati. Anayeyafaidi ni jirani wa ghorofani, ambaye hata hasalimii.

 

Posa ilipokelewa, ahsante Mungu, ila upande wao ulitutoza sisi faini ya sikio na kola, na Shangazi akalipa bila kusema neno. Sijawahi kuona jambo hilo.

Ninachokataa ni kubebeshwa lawama mimi. Mashamba ya waridi yametuzunguka hapa, maboksi yanapanda ndege kwenda Ulaya, na kila mche kule ndani una jina, na jina hilo lina mwenyewe: mkulima analipia haki ya kuuotesha. Marekani walitoa hataza yao ya kwanza kabisa ya mmea mwaka 1931, na mmea wenyewe ulikuwa mwaridi wa kutambaa, New Dawn. Karibu karne nzima wenzetu wanaandikiana hati juu ya waridi moja moja, na mimi ninayeishi jirani na mashamba, nikitoa hela yangu taslimu, naambiwa nichukue "wa kutambaa." Wa kutambaa upi? Unaishia mita ngapi? Unachanua mara moja kwa mwaka au daima? Kijana hajui, aliyemletea hajui, na aliyekata kipando cha kwanza pengine alikikata usiku.

Jumatatu nilirudi kitaluni kwake na kipande cha tawi kwenye gazeti, miiba imo. Nikamwambia sitaki kurudishiwa hela, nataka aniambie huu mmea unaitwa nani. Akaugeuza, akaunusa, akanitazama kwa huruma ya kibiashara.

"Kwani mzee wangu ungependa uitweje?"