Mchwa wa Muganza hawaogopi saruji

Muganza, wilayani Rusizi, ndiko kiliko kiwanda cha saruji cha Cimerwa, kinachofanya kazi tangu 1984. Kwa hiyo, jirani, ukisema nyumba yako ni ngome, nani atakubishia? Mchwa tu. Ufa wa milimita moja kwao ni barabara kuu. Saruji hawaili, wanapita tu kwa adabu kuelekea miimo ya mlango na mikaratusi ya paa.

Hapo ndipo baraza la washauri linapokaa. Mmoja anataja majivu. Mwingine anataka oili chafu ya pikipiki. Mchwa watarudi, harufu ya gereji itabaki, na kisima nacho kitaonja. Wa tatu ana dawa ya kupuliza inayoua kumi walio mbele yako huku wenzao wakizunguka nyuma ya ukuta. Mzee mmoja atachimba kichuguu amtafute malkia, anayetaga maelfu ya mayai kwa siku. Akimpata kwa koleo la kwanza, nitamnunulia soda.

Dawa yenye akili haina haraka. Fipronili humwagwa kwenye mtaro unaozunguka msingi. Mchwa hawaihisi, hupita humo, kisha hupakana wenyewe kwa wenyewe. Wakati bora wa kuiweka ni kabla ya kumwaga sakafu, siku ile uliyosema fundi anatafuta njia ya kukuongezea gharama. Leo fundi huyohuyo anakuja na drili ya kutoboa sakafu, na bei ni mpya.