Mungu Awaweke Wapiga Debe wa Nathan Road

Wasafiri wengi wakirudi kutoka Hong Kong huwasema vibaya wapiga debe wanaosimama mbele ya jengo la Chungking Mansions, Nathan Road. Wanawaonea. Mji ule una watu zaidi ya milioni saba, na katika hao wote, waliokuwa wakikusubiri wewe ni hawa tu.

Hebu jitazame unavyofika. Umepanda basi la A21 kutoka uwanja wa ndege kwa sababu treni ni ghali. Begi kubwa mgongoni, dogo kifuani, kandambili miguuni. Wapita njia wanakukwepa bila kukutazama, kila mmoja mbio kama kachelewa kikao. Ndipo inapokuja sauti, mguu wako wa pili haujagusa lami: "Bosi! Chumba?" Nani mwingine amewahi kukuita bosi, wewe uliyelala kwenye viti vya uwanja wa Addis Ababa ili usilipie hoteli?

Na heshima haiishii kwenye chumba. Mwingine anakuwekea mkononi kadi ya fundi cherehani: suti ya kupimwa, tayari kwa saa 24. Kandambili ameziona. Mtu anayeziona kandambili na bado akakuona ndani ya suti ya vipande vitatu, huyo si msumbufu, ni mtu wa imani. Wa tatu anakunong'oneza kwamba ana saa, na anakwambia mwenyewe kuwa ni feki. Mfanyabiashara mkweli kiasi hicho utampata wapi siku hizi?

Wengi wao asili yao ni India, Pakistani na Bangladesh, na lugha hawazijui nusunusu. Wanakutupia Kifaransa, usipoitika wanajaribu "Jambo!" Sisi tuliolelewa na stendi ya Ubungo, ambako begi lako liliweza kutangulia Morogoro wewe ungali unauliza nauli, tunaweza kushuhudia kwamba hawa ni waungwana. Begi hawalishiki. Wanakufuata tu, mwendo wako ndio mwendo wao.

Barabara yenyewe ina jina la Matthew Nathan, gavana Mwingereza aliyehamishiwa Hong Kong mwaka 1904 akitokea Gold Coast, Ghana ya leo. Alipoipanua, waliokuwapo waliona ni upuuzi: Kowloon, upande huu wa mji, wakati ule ingepata wapi watu wa kujaza njia pana namna hiyo? Imejaa. Sina hakika gavana alikusudia ijazwe na kadi za mafundi cherehani, lakini imejaa.

Jengo nalo ni la 1961, ghorofa 17, limegawanywa vitalu vitano, A hadi E. Chini kuna wabadilisha fedha, biriani, na maduka ya simu yaliyowalisha wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam na Nairobi. Gordon Mathews, mwanaanthropolojia aliyeandika kitabu kizima kuhusu jengo hili mwaka 2011, alikadiria kwamba hadi asilimia 20 ya simu za mkononi zilizokuwa zikitumika Afrika kusini mwa Sahara zilipitia humu. Kwa hiyo huenda simu yako ya zamani ilipita mlango huu kabla yako, na wala hakuna aliyeiita bosi.

Ukimwonyesha mpiga debe jina la gesti uliyokwisha kuilipia, anakupa pole ya kweli. Imefungwa. Mwenyewe kasafiri. Kwa bahati nzuri kaka yake anayo nyingine, safi zaidi, na kaka wa namna hiyo wapo karibu kila ghorofa. Sheria ya Hong Kong inazitaka nyumba za wageni ziwe na leseni, na ukiulizia leseni utaonyeshwa bila ubishi. Ikiwa ni ya gesti ya jirani, jirani ni jirani.

Kisha lifti. Kila kitalu kina mbili ndogo, moja ya ghorofa shufwa na nyingine ya witiri, na foleni ya kuzingojea ni ndefu kiasi cha kukutanisha mabara matatu. Lifti ikizidiwa hulia, na aliyeingia mwisho hutoka. Ukiwa na begi la mgongoni, aliyeingia mwisho ni wewe hata kama ulitangulia. Hapo ndipo utakapomjua mwenzako: mpiga debe anashuka na wewe, anasimama na wewe, anakusimulia bei upya, na kila lifti inapoondoka bila nyinyi bei inashuka kidogo.

Chumba ni kama alivyoahidi. Kitanda kimegusa kuta tatu, hivyo huwezi kudondoka. Bomba la kuogea liko juu ya choo, jambo linalookoa muda. Dirisha lipo. Kwamba linatazama mabomba ya viyoyozi vya watu wengine hakusema, lakini nawe hukuuliza.

Asubuhi ukishuka utamkuta palepale, na atakuuliza kama unatafuta chumba. Mwambie unacho. Atataka kujua unalipa kiasi gani, kisha atatikisa kichwa kwa masikitiko: bosi, umepigwa.