Kadi Iliyolishinda Kasha

Kazi yangu hapa Njombe ni kuchora ramani za nyumba, na kwa kuwa watu wa mji huu ni wakarimu wa vyeo, kila aniagizaye ramani huniita Injinia, jina ambalo sikulisomea wala sikupewa na bodi yoyote, lakini sikumbuki hata siku moja kulikataa. Nadhani taadhima hiyo ndiyo iliyonitia katika mkasa huu, maana mtu aitwaye Injinia huona haya kuuliza.

Asili yake ni mzee mmoja mfanyabiashara wa mbao, aliyepanda misindano tangu ujanani na sasa, baada ya kuwauzia watu mapaa ya nyumba zao kwa miaka mingi, ametamani paa lake mwenyewe. Hakuridhika na ramani ya karatasi. Alitaka aione nyumba yake katika kioo cha kompyuta, aizunguke mbele na nyuma, na mparachichi uani, na gari barazani. Mimi huchora kwa ArchiCAD, programu iliyozaliwa Budapest, Hungaria, na kompyuta yangu ilikuwa ya mitumba, nyembamba kama daftari la mahudhurio, ya zile zilizokwisha kustaafu katika maofisi ya Ulaya. Kuchora kuta iliweza bila ya taksiri. Ila nilipoigeuza nyumba ile pamoja na vigae vyake na majani ya mparachichi, ilizunguka kwa kusitasita kama ng'ombe avushwaye daraja la miti. Mzee akatazama, akakohoa, akasema, "Injinia, nyumba yangu inaumwa miguu?"

Basi nikaazimia kununua kadi ya grafiki. Hapo ndipo mwenye busara angelifungua kasha la kompyuta, akapima nafasi kwa rula, akasoma kibandiko cha pawa saplai, ndipo achague. Na la ajabu ni kuwa mimi, ambaye riziki yangu yote hutoka katika kuvipima vyumba vya watu, sikukipima chumba ambacho mgeni wangu angekuja kulala. Nilichagua kwa macho. Katika picha nilizoletewa na muuzaji wa Kariakoo palikuwa na GTX 1050 Ti, fupi, yenye feni moja na sura ya unyenyekevu, na kando yake GTX 1060 ya gigabaiti 6, yenye urefu wa sentimita 25, imenona, ina feni mbili. Nikaiona ile ndogo kuwa haimstahili Injinia. Fedha ya mabati ya banda la kuku ikaenda Dar es Salaam.

Kadi ikaja kwa basi hadi Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, nami nikaenda kuilaki. Nikiwa na nafasi ya kungoja, niliitazama stesheni ya TAZARA, nikakumbuka kuwa reli ile, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975 kupita milima na mabonde, ilichorwa kwa kalamu na rula bila ya kadi ya grafiki hata moja. Lakini fikira hiyo ilinijia nimekwisha kulipa, nikaifukuza. Njia yote ya kurudi Njombe, yapata kilomita 60, niliipakata kadi yangu, hata mama mmoja mwenye kapu la viazi akauliza kwa huruma, "Baba, mtoto ana umri gani?"

Usiku huo nikalifungua kasha. Kadi ilikuwa ndefu kuliko nafasi na pana kuliko kifuniko. Nikaijaribu kwa kuilaza, kwa kuisimamisha na kwa kuiombea. Asubuhi nikarudi Makambako, kasha kwapani, kwa kijana fundi wa kompyuta.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu hataki kuingia."

Akatazama, akacheka kwa adabu, yaani aligeuka ukutani kwanza. Akanieleza kuwa tundu la kadi katika mazabodi hutoa wati 75 tu, ilhali kadi hii hudai 120, na zinazobaki huzinywa kwa waya wake wa pini sita kutoka katika pawa saplai. Na pawa saplai yangu, ya wati 240, haikuumbwa na waya huo. Ile ndogo niliyoidharau, akasema, hutosheka na wati 75 za tunduni, na ipo hata iliyofupishwa kimo kwa ajili ya makasha membamba kama langu. Nilimwomba asiendelee.

Hatima yake, akatafuta pawa saplai ya pili ya wati 500, na seremala akatunga sanduku la mbao za msindano lisilo na kifuniko, ambamo mazabodi, kadi na waya zote zililazwa kama kuku atamiaye. Nikawasha. Nyumba ya mzee ikazunguka kwa ulaini wa mwali anayechezeshwa! Kwa furaha nikaamuru picha ya mwisho irendiwe kwa CineRender, yenye vivuli na mng'ao wa vioo, nikalala. Kulipopambazuka ilikuwa haijafika nusu, sawasawa na zamani.

Nikampigia simu fundi. "Mzee," akasema kwa upole wa daktari, "kadi kazi yake ni kuizungusha nyumba. Hiyo CineRender hupikia jikoni kwa prosesa, na prosesa hatukuibadilisha."

Mwezi wa Julai, asubuhi ya baridi ambayo nyasi za Njombe huwa nyeupe kwa sakitu, mzee alikuja kuitazama nyumba yake. "Kamwene," akasema, akavuta kiti karibu na sanduku. Nikaizungusha nyumba. Akaomba aione kwa nyuma, kisha mbele, kisha nyuma tena, na moyo wangu ukajaa fahari kuwa kazi imempendeza, mpaka nilipoona kuwa hatazami kioo kabisa, bali amefumba macho na viganja vyake amevitandaza juu ya zile feni mbili.

"Zungusha tena kidogo, Injinia," akasema. "Mkono wa kushoto bado."