Kilima Kisichougua

Paukwa! Pakawa. Hapo kale, barabara ya Nyakanazi ikiwa bado njia ya nyayo, na gridi ya Taifa ikiwa mbali sana na milima ya huko, maana iliipanda mwaka 2022 tu, palikuwa na nchi ya wanyama katika Buha, nchi ya Waha. Ilianzia vilima vya Kibondo vinavyotazama Burundi, ikaenda hadi matuta ya Kasulu, na mto Malagarasi ukapita katikati. Natanguliza onyo, kwa kuwa siku hizi watu ni wepesi wa kujikuna hata pasipowasha. Mwami, yaani mtawala, wa hadithi hii alikuwa Tembo, wala si Mwami yeyote wa Heru, ambako Waha walimwona hata mwanamke, Theresa Ntare, akikikalia kiti hicho. Na ngoma nitakazozitaja ni ngoma. Si namba 115 ambayo mjamzito wa Tanzania huipiga leo bila kutozwa senti, wala si 199 ya kuulizia mambo ya afya. Hizo ni za binadamu. Mimi nasema habari za wanyama, na wanyama hawana simu.

Nchi ile ilikuwa na vilima vingi na waganga wachache, kwa hiyo wahenga wao waliweka ngoma moja juu ya kila kilima. Mwenye homa aligongewa, aliyeumwa na nyoka aligongewa, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane aligongewa kwa mipigo mitatu ya haraka na mmoja mzito. Kilima cha pili kiliupokea ujumbe, cha tatu kikaupeleka mbele, mpaka ukafika kwa Mkunga Tumbili, naye akatoka na Nyati wanne wenye machela. Ilikuwa hivyo miaka na miaka, na hapakuwa na aliyezisifu ngoma hizo, kama vile hakuna asifuye mlango kwa kufunguka.

Mtunzaji wa ngoma alikuwa Pimbi. Ngozi ni kitu cha taabu katika nchi ya mvua, na mvua za Buha zikishaanza mwezi Oktoba au Novemba hukaa mpaka Aprili au Mei. Ukungu ukishuka, ngozi hulegea, na ngoma iliyolegea hulia kama mkono unaopiga mkeka uliolowa. Pimbi alizunguka vilimani na mzigo wa kuni kavu mgongoni. Aliwasha moto, akaipasha ngozi, akakaza kamba, akagonga vigingi kwa jiwe, kisha akapiga pigo moja na kutega sikio kusubiri kilima cha pili kiitikie. Kisipoitikia, alishuka bondeni na kukipanda ili ajue kosa ni la mpigaji, la ngoma, la upepo, au la msikilizaji aliyelala. Mara nyingi lilikuwa la msikilizaji, ingawa Pimbi kwa adabu yake aliandika kwamba ni upepo. Wazee husema kiumbe huyu alikosa mkia kwa uvivu: siku mikia ilipogawiwa palikuwa na mvua, naye akawaagiza wenzake wamletee wake. Yeye mwenyewe husema siku hiyo alikuwa zamu.

Basi kila mwaka mvua zikianza, Korongo hutua kutoka ng'ambo ya jangwa na bahari, wakala panzi wa nchi, wakastarehe mpaka karibu na Machi, kisha wakarudi kwao. Mwaka mmoja walikuja na ngoma mpya, moja kwa kila kilima. Zilikuwa nyeupe, nyepesi, na ngozi yake haikuwa ya ng'ombe wala ya mbuzi bali ya kitu kisichonuka. "Hizi hazilegei kwa mvua," walisema Korongo, na walisema kweli, kwani hakuna hata moja iliyopata kulegea. Zilichofanya baadhi yake ni kunyamaza. Isitoshe, vigingi vyake havikugongwa kwa jiwe, vilifunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa mmoja, shingoni mwa Korongo mkubwa, ambaye tangu Machi hadi Novemba alikuwa safarini. Pimbi aliomba apewe nakala. Alijibiwa kwa upole mwingi kwamba ufunguo wa namna ile haukabidhiwi asiye na mkia.

Mwami Tembo alifurahi sana. Huyu ndiye mwenye masikio makubwa kuliko wote nchini, ila kwa muda mrefu alikuwa ameyatumia kujipepea. Siku ya kuzizindua ngoma nyeupe pombe ya ndizi ilimwagika, hotuba zikasomwa, na ngoma za kale za ngozi ya ng'ombe zikafutwa katika daftari la mali ya nchi, ikaamriwa zitupwe ghalani zingoje kuteketezwa. Kisha, ili kazi iende kwa mpango, Kasuku akawekwa kwenye tuta la Kasulu azipokee sauti zote kabla hazijamfikia mkunga.

Kasuku alikuwa na maneno aliyofundishwa, na aliyasema vizuri kuliko aliyemfundisha. "Karibu. Mpigo wako ni muhimu kwetu. Kwa homa, piga mara moja. Kwa jeraha, piga mara mbili. Kwa uzazi, piga mara tatu. Kuyasikia tena maneno haya, piga mara nne. Wahudumu wetu wote wanawahudumia wengine kwa sasa." Wahudumu wote hao walikuwa mmoja, na jua likichwa alikwenda kulala. Tena vilima vya mpakani vilikuwa na wageni wengi, kama binadamu wa Burundi walivyovuka kuja pande hizi mwaka 1972, tena 1993, tena 2015. Ngoma ya ng'ombe wageni waliielewa upesi, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, lakini Kasuku alijua lugha ya barazani tu. Nisimsingizie ndege wa watu: hakuwa na roho mbaya. Alipokea matusi ya usiku mzima na kila mara akamshukuru mtukanaji kwa subira yake.

Mambo ya barazani yalishikwa na Ndege Karani, yule mwenye kalamu nyuma ya kichwa na miguu mirefu isiyogusa tope. Ndiye aliyetunga kanuni, na kanuni ya saba ilisema hivi: kilima ambacho ngoma yake imeharibika kitoe taarifa mara moja, kwa kuipiga ngoma hiyo. Pimbi aliisoma mara tatu, akidhani macho yake yameingia moshi. Alipokwenda kuuliza, Karani alimtazama kutoka juu akamwambia, "Utaratibu ni utaratibu, Pimbi." Hata maombi ya kuni yaliwekewa njia. Yalitakiwa kwenda kama Malagarasi wenyewe, mto ambao huchimbuka milimani si mbali na Ziwa Tanganyika, ukalipa ziwa kisogo, ukazunguka mashariki kote hadi ukapotea katika matope na mafunjo ya Moyowosi, na baada ya kupumzika humo kadiri upendavyo ndipo ukumbuke kurudi magharibi kumwaga maji yake katika ziwa lilelile. Maombi ya Pimbi ya mwezi Novemba yalijulikana kuwa yako salama, yalikuwa Moyowosi.

Ng'ambo ya mto, upande wa Kibondo, palikuwa na kilima cha akina Pongo. Usiku mmoja wa Januari, Mama Pongo alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, na mumewe akaikimbilia ngoma nyeupe. Alipiga mara tatu, kama ilivyoagizwa. Akangoja. Akapiga tena mara tatu, kisha tisa, kisha akaacha kuhesabu, akaipiga mpaka kwato zikachubuka, na ile ngoma ikamtazama kama mwezi. Kilima cha pili hakikusikia kitu. Usiku wa manane majirani walikata matete, wakasuka machela yao wenyewe, wakamteremsha mama kwenye utelezi kuufuata mto. Mtoto alizaliwa kivukoni. Kulipopambazuka alikuwa amekwisha kupoa. Mama alipona.

Siku ya nne Pimbi alifika barazani, tope mpaka masikioni, akasema ngoma ya kilima cha Pongo imekufa, na amekuja kwa miguu kulisema hilo kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kulisema. Karani alifungua daftari, akalipitishia kidole kwa utulivu. "Usiku unaoutaja," alisema, "kilima hicho hakikupiga pigo hata moja. Hapa hakuna lalamiko."

"Mheshimiwa Karani," Pimbi akajibu, "ndiyo habari yenyewe niliyoileta."

Karani akaandika kwamba mtunzaji alifika, akasikilizwa, na shauri limefungwa.

Mwezi Machi ukakaribia, na kabla Korongo hawajaruka ilibidi waonyeshwe matunda ya ngoma zao. Karani akazisoma hesabu mbele ya Mwami. Kilima cha kwanza kilikuwa kimepiga mara tisini tangu mvua zianze, cha pili mara sitini na moja, na vingine hivyo hivyo, kila kimoja na aibu yake. Kilima cha Pongo hakikupiga hata mara moja. Tembo akajipepea, kwanza sikio la kulia, kisha la kushoto, akatamka, "Basi huko ugonjwa umekwisha." Baraza zima likasimama kushangilia. Ikaamriwa kitolewe kigoda cha mninga, kikavu, kilichopigwa msasa kikang'aa, kimechongwa maneno Kilima Kisichougua. Na Korongo mkubwa akaomba achorwe picha amekishika.

Kigoda kilibebwa na Nyati wanne, walewale wa machela. Walivuka Malagarasi bila shida, wakafika siku ya pili kabla jua halijachwa. Mzee Pongo alikipokea kwa mikono miwili kama ada ilivyo, akashukuru, akakaa kimya. Mjumbe wa baraza alimsifu kwa usafi wa kilima chake na akamshauri ahifadhi siri ya mafanikio hayo ili vilima vingine vije kujifunza. Mama Pongo hakutoka ndani. Wageni wakala, wakaaga, wakaondoka na mwanga.

Jioni hiyo mvua ilirudi. Pimbi alikuwa amefika nyuma ya msafara, peke yake, na mgongo mtupu, maana kuni zake zilikuwa bado mafunjoni. Aligusa miti ya porini yote, mmoja mmoja, ikamchuruzikia maji. Akaenda ghalani, akaiburuta ile ngoma ya ng'ombe iliyokuwa ikingoja kuteketezwa, akaifuta vumbi, akaigonga kwa kidole, ikalia kama mkeka uliolowa. Kisha akakitazama kigoda. Akamtazama Mzee Pongo. Mzee Pongo akaenda kuleta shoka.

Mninga uliokauka vizuri huwaka bila moshi mwingi. Ngozi ilijivuta taratibu, kamba zikakazwa, vigingi vikagongwa kwa jiwe, na usiku ulipokuwa umeingia Pimbi alipiga pigo moja, akatega sikio, na kilima cha pili kikaitikia.

Habari za kigoda hazikukawia kufika barazani, na Pimbi akafunguliwa shauri la kuharibu mali ya nchi. Wito wake ulipigwa kwa ngoma kutoka Kasulu jioni ya tatu, ukapita kilima kwa kilima, ukavuka mto, na kilima cha Pongo kikausikia wote, neno kwa neno.