Gari Haitoki Bila Kujaa

Tangu kundi la Ethic la Umoja litoe wimbo "Lamba Lolo" mwaka 2018, kila ploti ya Eastlands, Nairobi, ina prodyusa wake: kitanda, laptopu, maiki, na blanketi dirishani la kuzuia kelele za majirani. Sauti ikianza kukwaruza, analaumu laptopu. Laptopu haina kosa, anaipakia vibaya. Tuhesabu sababu, kuanzia tano.

5. Abiria ni wengi kuliko unavyodhani
Sekunde moja ya sauti ya kiwango cha CD ina sampuli 44,100, yaani vipimo vidogo vya wimbi la sauti, na hiyo ni ya spika moja tu. Steji ya Kayole saa kumi na mbili jioni haijafika hapo. Bado kidogo.

4. Kutoka na mmoja ni hasara
Kila prosesa ikiitwa kazini kuna maandalizi: iache ilichokuwa ikifanya, iifuate programu, isogeze data karibu. Maandalizi ni yaleyale, iwe sampuli 1 au 512. Ndiyo maana sampuli hukusanywa kwenye bafa, ikijaa zinachakatwa kwa mpigo. Makanga wa matatu namba 58 ya Buruburu analijua hilo bila digrii. Tofauti ni kwamba bafa haidanganyi kuwa imebakisha wawili.

3. Mkokoteni hushinda mgongo
Maji yakipotea mferejini, wewe unabeba mtungi mmoja. Mkokoteni unabeba kumi na zaidi safari ileile. Prosesa za kisasa nazo zina amri zinazozidisha sampuli nne au nane kwa mara moja. Sharti zipangwe foleni kwenye kumbukumbu. Ndiyo, kompyuta pia haipendi wanaoruka laini.

2. Ujanja wa 1965
Mwaka huo wanahisabati Cooley na Tukey walichapisha njia ya mkato ya kuchambua masafa ya mawimbi. Kwa fungu la sampuli 1,024, njia ndefu hudai hesabu zaidi ya milioni moja. Yao, kama elfu kumi. Lakini sampuli moja pekee haina cha kuchambuliwa. Nao walingoja gari ijae.

1. Anayeumia ni aliyepanda kwanza
Bafa ya sampuli 64 hujaa kwa milisekunde 1.5 hivi. Ya 2,048 huchukua 46, na rapa anasikia sauti yake kwenye hedifoni ikimfuata nyuma kama deni la dukani. Kwa hivyo ukirekodi, toka na wachache. Ukimiksi, jaza mpaka mlangoni: anayengoja ni wewe peke yako, na Jogoo Road ilishakuzoesha.