Kigari cha Mchangani na Maswali Yake

Mmarekani anayenunua Can-Am Maverick R, kigari cha mchangani, huuliza kwanza nguvu. Huambiwa: farasi 240. Bei? Makumi ya maelfu ya dola. Kwa pesa hizo Toyota Corolla mpya ingepatikana, tena yenye kioo cha mbele. Kwenye vigari hivi wazi kioo mara nyingi hununuliwa kando, kana kwamba vumbi ni sehemu ya starehe.

Swali la pili ni upana, na hapo ndipo utamu ulipo. Kampuni ya Polaris ilipoleta kigari chake cha kwanza cha RZR mwaka 2007, ilijisifu kwa wembamba: inchi 50, kipimo cha njia nyingi za misituni Marekani. Maverick R ina inchi 77. Bwana mkubwa anafika na mashine ya kushinda milima, halafu anazuiwa na vigingi viwili vya lango la njia hizo. (Corolla ni nyembamba kuliko hiyo. Tusiendelee.)

Basi anakwenda Glamis, kwenye vilima vya mchanga vya California, ambako sheria inamtaka apandishe bendera futi 8 kutoka ardhini ili wenzake wasimrukie.

Wenye RZR nao huulizana: mkanda unadumu muda gani? Vigari vingi vya aina hii huendeshwa kwa mkanda wa mpira, na ukiunguzwa kwa mbwembwe hukatika. Ndiyo maana mzoefu hubeba wa akiba, na spana. Mgeni hubeba kamera.